Pensheni Imefika, Mkono Bado

Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi. Haikumuuliza kama alipata kuajiriwa, ana watoto wangapi au ana mikarafuu mingapi. Mpango ukaitwa Pensheni Jamii, fedha zikatoka katika bajeti ya Serikali yenyewe, na Zanzibar ikawa ya kwanza Afrika Mashariki kuwa na pensheni ya aina hiyo. Wazee zaidi ya 20,000 waliingia kwenye orodha tangu mwanzo, na baadaye kiwango kikapandishwa hadi shilingi 50,000.

Naanza na mpango huu kwa sababu umesimama. Tumezoea kujadili miradi iliyokufa: kisima kisichotoa maji, jengo lililoishia kwenye msingi. Mradi uliosimama una somo kubwa zaidi, kwani unatuonesha fedha inaweza kufika wapi, na kazi inayobaki baada ya fedha kufika ni ipi. Wazee na watu wenye ulemavu wa nchi zetu wanataka kitu kinachoeleweka kwa urahisi: waishi kwao, miongoni mwa watu wao, na waamue wenyewe mambo yao. Wale lini, watoke kwenda wapi, fedha yao itumike kwa nini. Ninachokiona, kwa Zanzibar, Tanzania Bara na hata Kenya, ni kwamba serikali zimejifunza kuwapelekea fedha. Hazijajifunza bado kuwapelekea mtu wa kuwashika mkono, na pasipo mkono huo uhuru wa kujiamulia unabaki kwenye karatasi za sera.

Masharti mepesi na uzito wake

Kilichouwezesha mpango wa Zanzibar kusimama ni wepesi wa masharti yake: umri, ukaazi na kitambulisho. Mipango mingine hupita njia ndefu. Mpango wa kunusuru kaya maskini unaosimamiwa na TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, ulioanza mwaka 2012, hutafuta kaya zilizo maskini kuliko nyingine. Mkutano wa wanakijiji hutaja majina, kaya zikahojiwa kwa dodoso, kisha hesabu ikafanywa. Nia ni njema. Lakini mahali ambapo karibu kila mtu ni maskini, kumpata aliye chini ya mwenzake ni kuwatenganisha majirani kwa tofauti ya kuku wawili. Mzee asiyesikia vizuri hakujua kama kuna mkutano. Bibi mwenye mtoto wa jicho anaishi kwenye nyumba ya bati aliyojengewa na mwanawe, mwana mwenyewe amekwisha kufa, lakini bati bado linamhesabia utajiri.

Kenya nayo ilianza kwa kuchagua. Fedha kwa wazee zilianza kwa majaribio mwaka 2006 katika maeneo machache, zikilenga kaya fukara zenye wazee. Mwaka 2018 mlango ulifunguliwa kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi asiyekuwa na pensheni nyingine, na wazee zaidi ya 500,000 wakaandikishwa chini ya mpango wa Inua Jamii. Zanzibar na Kenya zilifika mahali pamoja kwa njia tofauti: ukitaka kumfikia mzee mnyonge kabisa, njia ya hakika ni kuwafikia wazee wote. Yule asiyejua kujieleza mbele ya kamati, asiye na jamaa wa kumsemea, huingia pamoja na wenzake bila kumpigia mtu magoti.

Hata hivyo sharti jepesi lina uzito wake likifika chini. Wengi waliozaliwa Unguja na Pemba katika miaka ya 1940 na 1950 hawakuandikiwa vyeti. Mtu atakwambia alizaliwa mwaka wa Vita vya Ng'ombe, yaani 1951, wakulima wa Kiembe Samaki walipokataa ng'ombe wao wachanjwe kwa lazima na ghasia zikazuka mjini. Kwa wanakijiji huo ni ushahidi tosha. Fomu ya ofisini haina mahali pa kuandika Vita vya Ng'ombe. Inataka tarehe, na tarehe hukadiriwa na karani. Tuseme karani wa zamani alimwandika mtu huyo amezaliwa 1956. Miaka 70 aliitimiza mwaka 2021, lakini pensheni yake itangoja hadi 2026. Hata kwa kiwango cha mwanzo cha shilingi 20,000, miaka mitano hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja aliyostahili na asiyoipata. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. Ni kalamu iliyokadiria kwa haraka, na hakuna aliyepewa kazi ya kurudi kusahihisha.

Hapo ndipo thamani ya sheha, kiongozi wa kijiji au mtaa, inapoonekana. Anajua nani ni mkubwa kwa nani, nani alikuwa chuoni na nani, nani alishaolewa Mapinduzi yalipotokea. Mpango unaompa sheha nafasi ya kukusanya ushuhuda wa wazee wenzake na kuufikisha mbele hupunguza makosa. Mpango unaomwachia mzee atembee mwenyewe ofisi kwa ofisi kutafuta marekebisho huwa umemhukumu kabla hajatoka nyumbani.

Siku ya malipo

Miaka ya mwanzo fedha zililipwa mkononi, karibu na wanakoishi wazee. Siku ya malipo wazee huwa wameshafika kabla jua halijapanda. Wanawake wamejifunga kanga zao safi, wanaume wamevaa kofia. Mabenchi yanajaa, wengine wanakaa kwenye kijiukuta, fimbo zimeegemezwa pembeni. Karani anaita jina, mzee anatoa kitambulisho kilichofungwa kwenye leso, anapokea, anahesabu, anarudia kuhesabu. Baadaye haondoki. Anakaa na wenzake kuulizana hali: nani anaumwa, nani hakuonekana leo, nani amefiwa. Kwa watu ambao miguu yao haiwapeleki mbali siku nyingine, siku hiyo ilikuwa na faida mbili, na faida ya pili haikuandikwa kwenye mpango wowote.

Lakini siku hiyo hiyo huonesha nani hayupo. Asiyeweza kuinuka kitandani humtuma mwakilishi, na kuanzia hapo mzee anautegemea uaminifu wa aliyemtuma. Wa visiwa vidogo, kama Tumbatu au Kojani, anayetafuta huduma ng'ambo hana budi kupanda chombo. Maji yakipwa, chombo husimama mbali na watu hushuka wakatembea ndani ya maji. Kijana huvua viatu akaendelea. Mzee mwenye magoti mabovu, au mtu anayetumia kitimwendo, hubebwa mgongoni na mtu mwingine mbele ya macho ya watu wote. Haki yake ya kuhudumiwa inaanzia kwenye mgongo wa mtu.

Kuhamishia malipo kwenye benki na simu kumeondoa baadhi ya safari hizo, na hilo ni jambo la kushukuru. Fedha haziibwi njiani na karani hasafiri na mabunda. Ila tazama kwa wakala wa mtaani siku fedha zinapoingia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu nitazamie, zimeingia?"

"Zimeingia. Andika namba ya siri."

"Andika weye mwanangu, mie sioni."

Kisha bibi anazitaja tarakimu zake kwa sauti, kwa kuwa wakala yumo ndani ya kibanda na barabara ina makelele. Watu watano waliosimama nyuma yake wamezisikia. Wakala ni kijana mwaminifu, leo hakuna kitakachopotea. Lakini mtambo ule ulitengenezwa kwa mtu anayeona maandishi madogo, anayekumbuka tarakimu na anayeweza kusimama kwenye foleni. Asiyeona, asiyesikia, anayetetemeka mikono, aliyepoteza kumbukumbu: kila mmoja wao lazima amkabidhi mtu mwingine siri yake ili aipate fedha yake. Mahali pengine panapohitaji alama za vidole kuna tatizo lake. Jembe, kufua, kuchambua dagaa, kuvuta kamba na miaka ya chumvi ya mwani husaga ngozi ya vidole mpaka mashine ikashindwa kuisoma. Mtu anakataliwa kwa sababu ya kazi aliyoifanya maisha yake yote.

Tiba yake inajulikana, na haitaki mtambo mpya wa gharama. Kila mfumo wa malipo uwe na njia ya pili isiyomdhalilisha mtu: afisa anayefika nyumbani kwa asiyeweza kutoka, mwakilishi aliyeandikishwa rasmi ambaye mzee mwenyewe amemchagua na anaweza kumbadilisha, na mahali pa kulalamika penye mtu wa kusikiliza, kwa maneno au kwa lugha ya alama.

Noti ya bibi

Thamani ya fedha hii huonekana zaidi ndani ya nyumba. Shilingi 50,000 haziwezi kumweka mtu mwezi mzima. Lakini zinambadilishia mzee nafasi yake. Bibi aliyekuwa akingoja mwanawe arudi kazini ndipo aombe ya dawa ya presha, sasa anamtuma mjukuu dukani kwa noti yake. Akifiwa jirani, anatoa mchango wake kama watu wengine. Anaweza kununua sukari na unga wa nyumba nzima, na siku ya sikukuu akawapa watoto pesa ya sikukuu. Watu wa pwani wanalijua hilo bila kuelezwa: mwenye kutoa huulizwa shauri, na mwenye kungoja kupewa hupangiwa. Kuishi na watoto na wajukuu hakujawahi kuwa fedheha kwetu, bali ndiyo heshima yenyewe. Kinachouma ni kukaa katikati yao bila neno.

Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilipoeleza kwamba katika nchi ya wajamaa kila mtu aishi kwa jasho lake, liliwatoa katika sharti hilo watoto wadogo, wazee wasiojiweza, wenye ulemavu na wale ambao taifa halijaweza kuwapatia kazi. Lilikuwa tamko la utu, na kwa wakati wake lilikuwa la maana sana. Lakini kumwondolea mtu wajibu wa kufanya kazi ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kumwezesha afanye anachokitaka kufanya, na nusu hiyo tumeichelewesha mno. Mtu mwenye ulemavu anayetaka kufungua genge, mzee anayetaka kuendelea kushona kofia, hao hawaombi kusamehewa kazi. Wanaomba njia ya kuifikia.

Kazi isiyo na jina katika bajeti

Sasa tufike kwenye mkono. Mtu aliyepooza upande mmoja anahitaji kuogeshwa, kugeuzwa kitandani asipate vidonda, kupelekwa chooni, kulishwa, kukumbushwa dawa. Mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu anahitaji mtu wa kumwangalia asitoke usiku akapotea. Kazi hizo hufanywa kila siku katika maelfu ya nyumba zetu. Nani anazifanya? Ni binti aliyeachika akarudi nyumbani, mkamwana, mke ambaye naye ni mzee, au mjukuu wa kike anayekosa skuli siku mbili kwa wiki kwa sababu mama yake amekwenda shamba. Hawajafunzwa namna ya kumnyanyua mtu bila kujiumiza mgongo, hawana siku ya kupumzika, hawalipwi. Kwa hesabu za taifa kazi yao haipo.

Kenya imejaribu kuigusa kazi hii. Mwaka 2011 ilianza kulipa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, yule anayehitaji uangalizi wakati wote. Ni hatua ambayo nchi nyingi za jirani hazijaipiga, na inastahili kusifiwa. Tuitazame basi ilivyofika chini. Kwa miaka mingi kaya zilizofikiwa zilikuwa zipatazo 47,000, hali sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wapatao 900,000 wenye ulemavu. Si wote hao wanaohitaji uangalizi wa kutwa kucha, lakini pengo ni pana. Kiwango kilikaa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa zaidi ya mwongo mmoja, huku unga na mafuta ya taa vikipanda. Malipo yakawa yanachelewa, yakija kwa mkupuo baada ya miezi. Mwenye duka aliyekopesha nepi za mtu mzima hawezi kungoja hazina ya taifa.

Lipo jambo la ndani zaidi. Fedha hizo hupokelewa na mlezi kwa niaba ya mwenye ulemavu. Pengine haiwezekani kufanya vingine, kwa mtu asiyeweza kusema wala kwenda. Lakini malipo hayo hayo yanabeba mizigo miwili: ni riziki ya mwenye ulemavu na ni ujira wa mlezi, na hayatoshi hata kwa mmoja wao. Mlezi mwaminifu akinunua chakula cha nyumba nzima, jirani husema amekula fedha ya mgonjwa. Mlezi asiye mwaminifu hana anayemuuliza. Mpango ungekuwa na sehemu mbili zilizotenganishwa, ya mtu na ya anayemhudumia, kila mmoja angejua haki yake na lawama zingepata pa kusimama.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 57, inataja kwamba mzee ana haki ya kupata matunzo kutoka kwa familia yake na kutoka kwa dola. Vyote viwili vimetajwa, kimoja baada ya kingine. Katika utekelezaji familia imeachiwa karibu mzigo wote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unasema kwenye ibara ya 19 kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuishi katika jamii, kuchagua akae wapi na nani, na kupata huduma za nyumbani zitakazomwezesha. Tumetia saini kwamba huduma za nyumbani ni haki. Ukiuliza shehia au kijiji chochote ofisi ya huduma hizo iko wapi, utaelekezwa kwa binti yule yule aliyerudi kwao.

Kwa wasio na jamaa kabisa, Zanzibar imekuwa na nyumba za wazee za Sebleni na Welezo, na Limbani kule Pemba. Nyumba hizo zimewaokoa wengi na zinastahili kutunzwa. Ila zina nafasi ya wachache, na wazee walio wengi hawataki kuhama mtaa wao. Kumhamisha mzee kwa sababu tu hana wa kumchotea maji na kumpikia ni kulipia gharama kubwa kwa tatizo ambalo mtu mmoja anayefika asubuhi na jioni angelimaliza.

Kitimwendo kwenye mchanga

Vifaa navyo vina hadithi hiyo hiyo. Hafla za kugawa vitimwendo tunazijua: viti vinapangwa safu, mgeni rasmi anasukuma cha kwanza, picha zinapigwa. Kiti chenyewe mara nyingi ni cha hospitali, chenye magurudumu membamba ya mbele, kilichotengenezwa kwa sakafu laini. Kifikishe kijijini ambako njia ni mchanga au jiwe la matumbawe. Magurudumu ya mbele yanazama, kiti kinasimama ghafla, aliyekaa anataka kuangukia uso. Anayesukuma analazimika kukigeuza akivute kinyumenyume. Kiti ni kipana kuliko mlango wa choo. Mpira wa kiti ukipasuka, fundi baiskeli hana saizi yake. Baada ya msimu mmoja wa mvua kiti kimegeuka mahali pa kuwekea ndoo za maji, na mtu wake amerudi kukaa kwenye mkeka. Kwenye taarifa ya mradi, anahesabiwa bado kuwa amefikiwa.

Tunachokosa si ujuzi. Chuo cha TATCOT kule Moshi, kilicho chini ya hospitali ya KCMC, kimekuwa kikifundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu mwaka 1981, na wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika. Mafundi hao wanajua kwamba kiti hupimwa kwa mwili wa mtu na kwa njia anayopita. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anahitaji kiti kinachomshika kiwiliwili, aliyepoteza hisia za nyonga anahitaji mto maalumu asipate vidonda, wa kijijini anahitaji gurudumu la mbele lililo kubwa na lililosogezwa mbele, au baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendesha kwa mikono. Wanajua pia kwamba kiti kinahitaji marekebisho na vipuri. Bajeti nyingi za ugawaji zina fungu la kununua na kusafirisha. Fungu la kupima na kutengeneza ndilo linalokosekana, na ndilo linaloamua kama mtu atatoka nyumbani mwaka ujao.

Kuna kifaa kidogo zaidi ambacho hakijapata hafla. Bibi anayesuka ukili au kushona kofia za viua hufika umri ambao haoni tena uzi na tundu la sindano. Mikono yake bado ina ufundi wa miaka 50, lakini macho ya karibu yamekwisha. Anaacha kazi, na nyumba nzima inaamini kwamba amezeeka. Miwani ya kusomea, ambayo ni ya bei ndogo kuliko karibu kila kifaa kingine, ingemrudisha kwenye kazi yake siku hiyo hiyo. Mwingine ana mtoto wa jicho, ambaye ndiye sababu kubwa kuliko zote ya upofu duniani na hutibika kwa upasuaji mfupi. Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Ulemavu humfika aliyezaliwa nao, na humfika pia aliyeishi miaka mingi. Kwa hiyo ofisi ya wazee na ofisi ya watu wenye ulemavu, ambazo mara nyingi zina mafungu tofauti na orodha tofauti, zinamhudumia mtu yule yule kwa kupishana mlangoni.

Kanuni ikikubali kufundishwa

Nisieleweke kwamba mipango yetu haibadiliki. Upande wa Bara sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kanuni za mwanzo zilitaka watu wenye ulemavu wakope kwa kikundi cha watu watano. Ofisini lilikuwa sharti la kawaida. Kijijini lilimaanisha asiyeona awatafute wenzake wanne wenye ulemavu, waliotawanyika vitongoji vya mbali, wakubaliane biashara moja, wakutane mara kwa mara bila usafiri. Fedha zikawa zimetengwa na wakopaji hawapo. Mwaka 2021 kanuni zikarekebishwa: kikundi kikawa watu wawili, na hata mtu mmoja mwenye ulemavu akaruhusiwa kukopa peke yake. Mikopo yote ikasimamishwa mwaka 2023 ili kupanga upya utaratibu, ikarejea mwaka uliofuata. Katika misukosuko hiyo lipo jambo la kushika: sharti lililoonekana dogo mezani lilikuwa ukuta, na lilibadilika pale walioligonga walipopata wa kuwasikiliza.

Huko huko Bara, matibabu bure kwa wazee wasiojiweza wa miaka 60 na zaidi yanasubiri usikivu kama huo. Dirisha la wazee lipo, kitambulisho cha mzee kipo, na daktari humwona bila malipo. Kisha anapewa karatasi akanunue dawa nje kwa kuwa stoo imeishiwa. Mzee wa presha aliyelipa nauli ya bajaji kwenda na kurudi anatoka na kipande cha karatasi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa mwaka 2023, imefungua nafasi ya kuliweka sawa hilo, na kipimo chake kitakuwa kidonge kilichofika nyumbani, zaidi ya idadi ya vitambulisho vilivyotolewa.

Kuanzia mlangoni

Njia ya kufikisha mkono tunayo tayari kwa kiasi. Zanzibar ina mpango wa Jamii ni Afya, ambao wahudumu wake wa kujitolea hutembea nyumba kwa nyumba katika shehia wakiwa na simu zenye programu ya kuwaongoza, hasa kwa ajili ya mama na mtoto. Bara nayo mwaka 2024 ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Watu hawa wameshapita kwenye mlango wa nyumba yenye mzee aliyelala chumba cha nyuma. Wanauliza habari za mtoto mchanga, wanaondoka. Waongezewe maswali machache na mafunzo: nani hapa haoni, nani hatoki, nani amelala, nani anamhudumia, na mhudumu huyo hali yake ikoje. Wapewe na posho ya haki kwa kazi hiyo ya ziada. Hatuwezi kujenga huduma ya wanyonge juu ya migongo ya wanawake wengine wasiolipwa.

Pili, mlezi wa nyumbani aandikwe. Aandikishwe kwa jina, afundishwe namna ya kumgeuza na kumnyanyua mtu, alipiwe michango ya bima, na awe na siku katika mwezi ambayo mtu mwingine atashika zamu. Hiyo ndiyo huduma inayomweka mzee nyumbani kwake.

Tatu, kila shilingi inayonunua kifaa iambatane na fungu la kukipima na kukitengeneza. Mafundi baiskeli wa vijijini wafundishwe kurekebisha vitimwendo na wapewe vipuri. Idadi itakayoripotiwa iwe ya vifaa vinavyotumika baada ya mwaka mmoja.

Nne, kiwango cha fedha kipandishwe kwa utaratibu unaojulikana, kila mwaka, kulingana na bei za vitu. Zanzibar ilishaipa pensheni mguu wa kisheria kwa sheria ya masuala ya wazee ya mwaka 2020. Haki iliyoandikwa kwenye sheria isiachwe ipungue sokoni mwezi hadi mwezi, hadi kiongozi mwingine atakapoona huruma.

Tano, na hili ni la msingi wa yote, wenyewe wawepo mezani tangu mpango unapoandikwa. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar umekuwepo tangu miaka ya 1980. Jumuiya za wazee zipo. Mtu anayetumia kitimwendo angeuona mlango wa choo kabla ya kiti kununuliwa. Asiyeona angeuliza habari za namba ya siri kabla ya mkataba wa malipo kutiwa saini. Mzee wa Kojani angeuliza habari za maji kupwa.

Bajeti zinasomwa kila mwaka, na mawaziri hutaja idadi ya walionufaika. Wawakilishi, wabunge na madiwani wetu wana nafasi ya kuuliza maswali mengine: ni wangapi kati yao waliotoka nje ya nyumba wiki iliyopita kwa hiari yao, wangapi wameipokea fedha yao kwa mkono wao, na nani aliwaogesha leo asubuhi. Wizara itakayoweza kujibu itakuwa imeanza kazi, na isiyoweza ipewe fungu na muda wa kwenda kujua.